Kisa cha wizi wa karafuu Pemba: aloiba mmoja, walokula wengi

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa sheria wenzangu, masheha, walimu wa skuli na wa chuoni, na mzazi yeyote ambae mwanawe anaingia mashambani msimu wa karafuu. Shehia siitaji, majina siyataji, mwaka siutaji, na baadhi ya vitu vidogo nimevibadilisha ili mtu asije akanyooshewa kidole njiani. Ilobaki ndo yenyewe ilivotokea.

Swali ninalotaka tulitazame ni lile linalozuka kila akikamatwa mtoto: kosa ni lake au ni letu? Kuna wanaosema mwizi ni mwizi, akili anazo. Kuna wanaosema jamii imeharibika, sote tuna makosa. Yote mawili yananikera na hili la pili linanikera zaidi, manake nimeliona likitumika vikaoni, mtu anasimama anasema jamani sote tumekosea, watu wanatikisa vichwa, dua inasomwa, kila mtu anarudi kwake na hakuna alotoa hata shilingi mia. Mie naamini kabisa kwamba jamii ina dhamana kwenye jinai, lakini dhamana hio ina wenyewe, watu wanaojulikana, kila mmoja na fungu lake, na fungu la mtu linaweza kukadiriwa kama linavokadiriwa deni.

Mazingira

Asoijua Pemba msimu wa karafuu atapata tabu kukielewa kisa hiki. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu ndo kimebeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na msimu ukiwa mzuri kila kitu kinahamia mashambani. Wanaume na vijana wako juu ya miti, wanawake wako chini wanachambua, mabibi wanalinda majamvi yasije yakakutwa na mvua, madarasa yanabaki nusu. Pesa ya mwaka mzima inaingia ndani ya miezi mitatu minne. Harusi zinangoja karafuu, bati zinangoja karafuu, deni la dukani linangoja karafuu.

Kisheria mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na iko Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 inayomkataza mtu mwengine kununua bila ya ruhusa. Wakati wa kisa hiki karafuu ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo. Hio ni kavu, na kavu kilo moja inatokana na mbichi kama kilo tatu, uzianike siku nne tano za jua la maana, kwaiyo ukiona turubali limejaa karafuu uwanjani ujue pale pana jasho la watu wengi sana, la mchumaji, la mchambuaji, na la mwenye shamba alopalilia.

Halafu kuna mpeta. Mpeta ni zile karafuu zinazoanguka chini wakati wa kuchuma, na kwa desturi ya huku mwenye shamba hamfukuzi mtoto anaekuja kuokota, anaona ni sadaka. Watoto wakitoka skuli, na wengine hata hawajaenda, wanaingia chini ya mikarafuu na vikapu vyao. Wanauza. Na mtoto hawezi kwenda kituo cha ZSTC na kikapu cha mpeta, kwaiyo lazima awepo mtu wa kununua njiani, na mtu huyo kila mahali yupo na kila mtu anamjua.

Kwenye shehia ya kisa hiki mnunuzi alikuwa na duka. Mtu wa heshima, anachangia msikiti, anakopesha mchele miezi ya njaa. Watoto wadogo alikuwa anawabadilishia mpeta kwa biskuti na malai, wakubwa anawapa pesa. Kipimo chake kilikuwa kopo la maziwa, nimeliona kwa macho yangu, limepanuliwa mdomo kwa nyundo mpaka limekuwa kama faneli, likijazwa kwa kichungu linachukua zaidi ya kopo zima, na mtoto anapokea pesa ya kopo moja.

Kijana na kwao

Alikuwa na miaka 16, kidato cha pili. Baba yake mvuvi, alikwenda dago, yani kambi ya uvuvi ya mbali, upande wa Mombasa miaka mingi nyuma, akaoa huko, pesa anatuma akikumbuka. Mama analima mwani na asubuhi anauza bajia. Watoto wanne, huyu ndo wa kwanza wa kiume.

Babu yao aliacha mikarafuu na fungu la baba lilikuwa miti saba. Mwaka mmoja wa njaa miti ile iliwekwa rehani kwa mwenye duka, kwa magunia mawili ya mchele, na mpaka leo haijakombolewa. Kila msimu anachuma mwenye duka. Ibakize akilini hii, manake kwenye kikao hakuna aloitaja, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ilivotokea

Haya nimeyapata kwa kijana mwenyewe, tulikaa barazani kwao baada ya mambo kupoa, na mengi nimeyahakikisha kwa watu wengine.

Alianza kuokota mpeta akiwa na miaka minane tisa hivi. Mpeta wa halali, chini, kilichoanguka kimeanguka. Alipokuwa kama na miaka 12 yeye na wenzake wakawa wanausaidia mpeta uanguke, wanapita jioni wachumaji washaondoka, mmoja anatikisa tawi na upembo, wengine wanaokota. Mnunuzi karafuu zile anaziona, mpeta unakuwa na mchanga na majani na mwengine umeshapevuka umegeuka rangi, hizi zilikuja safi na vikonyo vyake. Alizichukua. Akasema tu, "Leo mmeokota vizuri." Baadae wakawa wanachuma kabisa mikarafuu ya pembeni ya njia. Akachukua. Yani hakuna siku hata moja mtoto huyu alopiga hatua akakuta mlango umefungwa.

Msimu wa kisa chenyewe mvua zilikuwa zinavizia, na mzee mmoja jirani yao alikuwa anazikusanya karafuu zake jioni, anazifunika na turubali barazani, asubuhi anazitandaza tena. Usiku wa kwanza kijana alijaza mfuko wa skuli. Siku mbili tatu baadae akarudi. Mzee aliona turubali limepungua upande mmoja akadhani ni kukauka tu, lakini mjukuu wake akashuku akalala barazani. Usiku wa tatu kijana akashikwa na polo mkononi.

Jumla ya zilokwenda, kwa hesabu ya mzee na kwa alivokubali kijana, ni kilo 18. Kwa bei ya serikali 252,000. Kijana aliuza dukani kwa 5,000 kilo, akapata 90,000. Humo alimpa mama yake 30,000, akanunua viatu vya mpira, na zilobaki zikaliwa chipsi, bando na mikopo ya marafiki. Siandiki kwamba aliiba kwa sababu ya njaa, mana sivo. Kwao palikuwa na shida, lakini usiku ule hakwenda kutafuta chakula.

Walomkamata wakamfunga mikono nyuma kwa kamba ya usumba, wakampiga, kulipopambazuka wakamvisha makonyo ya karafuu shingoni kama shada wakamtembeza mpaka karibu na skuli. Watu wanaimba, simu ziko juu. Anaonekana wazi kwenye video, midomo imevimba, anajaribu kuinamisha uso na mtu mzima anamshika nywele amuinue ili achukuliwe vizuri. Kabla ya adhuhuri video ilikuwa imefika Unguja, Tanga na Maskati. Bwana Sheha ndo alokuja akamtoa mikononi mwa watu, na kwa hilo nampongeza, manake vijana walikuwa wameshapandisha.

Kikao, na maamuzi yake

Mzee mwenye karafuu mwanzo alitaka polisi na haki hio alikuwa nayo. Nilipoitwa niliwaeleza mambo mawili. Kwanza, kijana ana chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 huyu ni mtoto, kesi yake inakwenda Mahkama ya Watoto na Ustawi wa Jamii lazima waingie, haiendi kama ya mtu mzima. Pili, kumpiga mtoto na kumtembeza vile ni kosa nalo, na lina ushahidi wa video ambayo wameipiga wenyewe. Hapo wengi walinyamaza. Mzee akafikiri usiku mmoja akasema yeye anataka karafuu zake, mtoto akifungwa yeye hapati kitu. Tukakubaliana suluhu ya maandishi.

Waliokaa walikuwa sheha, imamu, mwalimu mmoja wa skuli, ami wawili wa kijana, mama yake, mzee mwenye karafuu, mimi, na wazee watatu wa mtaa. Mmoja katika hao wazee watatu ni mwenye duka.

Mama aliulizwa kama alijua. Alijibu, "Wazee wangu, msimu huu kila mtoto anarudi na pesa. Mwanangu kanipa 30,000 nikasema alhamdulillah. Ningemuuliza nini?" Sauti yake haikutetereka. Kuna waloguna, lakini hakuna alomjibu, na nadhani ni kwa sababu wengi pale na wao wana watoto na wao hawakuuliza.

Kijana aliulizwa umeuza wapi. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Kwa ami hapo," akamuonesha mwenye duka kwa macho, na mikono yake bado ilikuwa na alama za kamba. Mwenye duka hakukasirika. Alisema, "Mie nanunua mpeta, na mpeta hauna jina. Mtoto akiniletea nitajuaje katoa wapi?"

Nikasema kilo 18 za karafuu kavu haziwezi kuwa mpeta, mpeta unaletwa mbichi na mtoto haanikii. Kila mtu pale analijua hilo, tena kuliko mimi. Imamu akasema hilo tulizungumze siku nyengine, leo tumekuja kwa ajili ya mtoto. Na likaachwa. Baadae nilipata kujua kwamba katika watu walokaa pale, zaidi ya nusu walikuwa na deni dukani kwake, na mzee alieibiwa alikuwa ni mmoja wao.

Maamuzi yakawa hivi. Deni ni 252,000. Mama arudishe 30,000 alizopewa. Ami wawili watoe 72,000, nusu kwa nusu, kwa sababu kijana ni wao na baba hayupo, na hapa imamu alisaidia, aliwakumbusha habari ya akila, yani jamaa wa upande wa baba wanaomsaidia mtu wao kulipa diya, fidia ya damu, kwamba sheria ya dini inaujua ukoo kuwa ni kitu kinachobeba, basi na wao wabebe japo hili silo la diya. Mzee asamehe 30,000. Na 120,000 zilobaki kijana azilipe kwa kazi, achume shambani kwa mzee, kila pishi nusu inakatwa deni na nusu anapewa mkononi. Hii ya kumpa nusu niliitaka mimi na mzee aliipinga kidogo, nikamwambia mtoto akifanya kazi msimu mzima bila ya kushika pesa atarudi kwenye turubali la mtu mwengine. Akakubali.

Niliandika nakala tatu. Jina la mwenye duka halimo.

Matokeo

Deni lililipwa lote kabla msimu haujesha. Ami mmoja alisumbua kidogo, mwengine alilipa siku ile ile. Kijana alichuma vizuri, mzee mwenyewe alimfundisha tawi lipi linabeba uzito na lipi linakuvunjikia, akampa upembo wake mwenyewe, na mchana wakila sahani moja. Hilo la kula sahani moja mzee hakuambiwa na mtu, ni moyo wake, na nadhani limefanya kazi kuliko karatasi yangu.

Skuli alirudi, akakaa kama wiki mbili. Kila akiingia darasani mtu anafungua simu. Mwalimu alikemea, simu zikahamia njiani. Akaacha. Sasa yuko Unguja, anachukua mizigo sokoni Darajani, anamtumia mama yake pesa, na kwa ninavojua hajagusa cha mtu tena. Wapo watakaosema basi suluhu imefaulu. Mtoto alokuwa darasani hayuko darasani, mie siwezi kuita hivo kufaulu.

Msimu ulofuata sheha alipiga marufuku watoto kuuza mpeta ndani ya shehia yake. Kopo likahama, likawa linapimia chini ya mwembe ulio mpakani na shehia ya pili. Mzee mwenye karafuu alifanya lake: mpeta wa shamba lake akawa anaununua mwenyewe kwa watoto, jioni, kwa mizani, pesa taslimu, bei nzuri kuliko ya kopo. Msimu ule yeye hakuibiwa.

Uchambuzi

Nianze na fungu la kijana, manake bila ya hilo mengine yote yanageuka visingizio. Aliiba usiku. Alichagua siku ambazo mwezi haujatoka. Mtu anaejificha anajua anachofanya. Vijana wengine wa mtaa ule ule, wenye baba walioko dago vile vile, hawakwenda kwenye turubali la mzee. Qur-ani imerudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyengine, na mtoto wa miaka 16 ukimwambia kosa si lake unamvunjia heshima, unamfanya hana akili. Yeye mwenyewe hakutaka hivo. Kazi ya kuchuma aliifanya kwa juhudi kwa sababu lile lilikuwa fungu lake na lilikuwa na mwisho, alijua lini atamaliza.

Lakini fungu lake si 252,000 nzima, na hapa ndo ninapotofautiana na wanaosema mwizi ni mwizi. Tuhesabu. Mnunuzi alitoa 90,000 akashika mali ya 252,000, na yeye ana miti, yake mwenyewe na ya rehani, anaweza kuziingiza kituoni kama zake na hakuna wa kumuuliza. Faida yake ni 162,000. Kijana kalipa, mama kalipa, ami wamelipa, alieibiwa mwenyewe kalipa kwa kusamehe. Alofaidi kuliko wote hakutoa kitu, na alikaa upande wa waamuzi.

Dini yetu imeshalijibu jambo hili zamani na nashangaa tunavolisahau. Imamu Malik ameipokea habari ya watumwa wa Hatib waloiba ngamia wa mtu wa Muzayna wakamchinja. Sayyidna Umar aliamrisha hukumu ipite, kisha akasita, akamgeukia Hatib akamwambia nakuona unawaweka na njaa, wallahi nitakutoza faini itakayokuuma. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akaambiwa alikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Akamuamuru Hatib alipe 800. Na ni Umar huyo huyo alosimamisha hukumu ya kukata mkono mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 Hijria. Angalia alivofanya. Hakusema jamii yote ya Madina ina makosa. Alimtafuta mtu mmoja ambae jinai ile imepitia mkononi mwake, akamtaja mbele ya watu, akampa bei. Kikao chetu kilikuwa na kila kitu cha kufanya vile na hakikufanya.

Kuna Mbelgiji mmoja wa takwimu, Quetelet, aliandika mwaka 1835 kwamba jamii ndo inayoiandaa jinai na mkosaji ni chombo tu cha kuitekeleza. Aliona idadi ya makosa inajirudia mwaka hadi mwaka karibu sawa sawa, akasema basi sababu haiwezi kuwa ndani ya mtu mmoja mmoja tu. Nusu ya kwanza ya maneno yake nakubaliana nayo, wizi wa karafuu ulikuwa umeshaandaliwa pale kabla mtoto yule hajazaliwa: pesa inakuja msimu mmoja, watoto wanashika pesa bila ya kuulizwa, mnunuzi yupo, kopo lipo. Nusu ya pili siikubali. Mtoto si chombo, na mnunuzi nae si chombo.

La pili ni kutouliza. Sampson na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wa mji wa Chicago, mitaa 343, watu 8,782 walihojiwa, wakaulizwa mambo ya kawaida kabisa, kama vile ukimuona mtoto ametoroka skuli anazurura, jirani yako atafanya kitu? Mitaa ambayo watu wanaaminiana na wako tayari kuingilia ilikuwa na ukatili mdogo, hata ukishauweka umasikini kwenye hesabu. Sisi Pemba tunajisifu kwamba mtoto ni wa wote, na kweli zamani ukionekana njiani saa za skuli unachapwa na mtu usomjua na ukifika nyumbani unaongezwa. Sasa msimu wa karafuu ndo wakati sote kwa pamoja tunapoacha kuuliza. Mama hakuuliza ya 30,000, mwalimu hakuuliza kwa nini dawati liko tupu, sisi watu wazima tukipita pale dukani na tukiona karafuu safi zinapimwa kwa kopo hatukuuliza. Nampa mama fungu dogo kuliko wengi wanavompa, yeye alikuwa peke yake na wanne, na alilirudisha. Fungu kubwa la kutouliza ni la wanaume tulokuwa tukikaa kwenye baraza ya lile duka.

La tatu ni kipigo na video. Braithwaite, mtu wa Australia, mwaka 1989 alizitenganisha aibu mbili, ya kumrudisha mtu na ya kumtoa. Aibu ya kurudisha inamwambia umefanya kibaya na wewe ni wetu, lipa urudi. Ya kutoa inamwambia wewe ndo ubaya wenyewe. Kisa chetu kina zote mbili kwa mtoto mmoja, ndani ya msimu mmoja. Sahani moja na mzee ilimrudisha. Makonyo shingoni yalimtoa, tena yakamtoa kila siku upya kwa sababu video haina siku ya kumaliza deni. Alolipa 120,000 kwa jasho lake bado anaitwa mwizi na mtu wa Maskati ambae hajapoteza hata kikonyo. Hao walopiga na waliorusha nao wana fungu, kwa hesabu yangu ndo walomuachisha skuli, na kikao hakikumtaka hata mmoja wao aje.

Sasa kwa watakaokaa vikao kama hivi, nasema ningefanya nini na nini. Swali la umeuza wapi liulizwe mapema, kabla ya kikao, na mtu wa ustawi awepo, ili mtoto asilazimike kumtaja mtu mzima uso kwa uso. Alotajwa kununua asikae kama mzee wa kuamua, hata kama ndo anaechangia msikiti. Wenye deni kwake nao wasiamue, na kama mtaa mzima unadaiwa, kikao kihame, kiende shehia nyengine. Mapatano yawe na kifungu cha video: waloipiga video waje, waifute mbele ya watu, waandike kwamba yeyote watakaemuona anaizungusha watamwambia aifute. Haitoiondoa yote, lakini mtoto atajua kwamba watu wazima walisimama upande wake angalau kwa hilo. Na marufuku ya mpeta peke yake haifanyi kazi bila ya mahali halali pa mtoto kuuza alichookota. Mzee aliliona hilo bila ya kusoma popote. Wenye mashamba wengine wakifanya kama yeye, kopo linakosa cha kupima.

Bado kuna ile mikarafuu saba. Gunia mbili za mchele zimeshaliwa mara ngapi na matunda ya miti ile, hesabu fanya mwenyewe, msimu mmoja mzuri tu mti mmoja uliokomaa unaweza kutoa kilo kadhaa kavu. Nilimuuliza imamu faragha, yeye mwenyewe akasema mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa ni riba, na mwenye kushika rehani hana ruhusa ya kuchuma na kula miaka yote hii kisha akadai mchele wake mzima. Kama hivo ndivo, huenda miti imeshajikomboa zamani. Ami wa kijana, yule alolipa siku ile ile, ameshazungumza na mwenzake, wanataka hesabu ifanywe kabla msimu haujaanza, kwa maandishi, msimu kwa msimu, na imamu amekubali kukaa nao. Safari hii kikao hakitokuwa kwenye baraza ya duka, kitakuwa msikiti wa shehia ya pili, na wawili walochaguliwa kusimamia hesabu hawadaiwi na mwenye duka.